Profesa ana makala 600, je ndo tumpeleke babangu kwake?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Babangu ana miaka 58, moyo umetanuka, miguu yamvimba na usiku hawezi kulala mpaka apangiwe mito. Tunachanga tumpeleke India, na mtoto wa ami yangu katafuta kwa simu akapata profesa mmoja huko ana makala zaidi ya 600 za moyo kushindwa kufanya kazi, eti na h-index yake ni 80, basi nyumba nzima imeshaamua ni huyo huyo. Mie roho yasita, pesa zenyewe ni za mchango. Hizo makala zamsaidia nini mgonjwa?
Binti wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, pole kwa kuuguza. Roho yako yasita kwa haki.

Hebu piga hesabu, makala 600 kwa miaka 30 ni 20 kila mwaka, yaani karibu kila wiki mbili na nusu yatoka moja, na hapo afundishe, aone wagonjwa, alale. Hawezi kuwa kaandika zote yeye. Sisemi ni mwizi, utafiti mkubwa wa moyo huwa na majina hata 20 juu ya makala moja, kwa hivyo angalia jina lake limekaa wapi. Wa kwanza kwa kawaida ndo aliyetoka jasho, wa mwisho mara nyingi ndo mkubwa wao, wa katikati pengine kaleta wagonjwa tu basi. Na humo kwenye 600 kuna barua na maoni ya ukurasa mmoja, nazo zahesabiwa.

Hiyo h-index 80 maana yake ana makala 80 ambazo kila moja imetajwa na wenzake mara 80 au zaidi. Kipimo hicho alikitoa Jorge Hirsch mwaka 2005, mtu wa fizikia, wala si wa wodini. Na hakishuki, hata mtu akistaafu akae barazani anywe kahawa.

Sasa nikupe makala moja tu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti unaoitwa THESUS-HF, wagonjwa 1006 wa moyo kushindwa kufanya kazi kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Jina la kwanza ni Albertino Damasceno wa Maputo, la mwisho Karen Sliwa wa Cape Town. Walikuta wagonjwa wetu wana wastani wa miaka 52, wakati Ulaya wengi ni wazee wa 70 na kitu, na karibu nusu chanzo chao ni presha, mishipa ya moyo kuziba haikufika hata mmoja kati ya kumi. Hiyo moja yamhusu babako kuliko maoni 50 ya profesa yeyote, kwani kama chanzo chake pia ni presha, yatibika hapa hapa.

Na wingi wa makala si kinga. Piero Anversa alikuwa jina kubwa Marekani kwa utafiti wa seli za kurekebisha moyo, wenzake wengine wakijaribu hawapati alichopata yeye, mwisho mwaka 2018 Harvard wakataka makala 31 za maabara yake zifutwe. Kwa hivyo mie huuliza kwanza, kuna watu wengine walioyapata hayo hayo?

Mwambie huyo mtoto wa ami yako aingie PubMed, tovuti ya kutafutia makala za tiba, ni bure, makala iliyofutwa huwekwa alama wazi. Ila ahakikishe ni mtu mmoja, maana ukisimama Marikiti ukaita "Ali Mohamed!" wangapi watageuka? Ndo maana watafiti siku hizi wana namba ya ORCID, kila mtu na yake.

Halafu kutafiti na kutibu ni kazi mbili. Mpigieni muulize kama bado yuaona wagonjwa mwenyewe ama atamwachia kijana wake, na babako akirudi Mombasa nani atamfuatilia, kwa sababu ugonjwa huu ni wa dawa za kila siku. Spironolactone kwa mfano, kidonge cha zamani, ilionyeshwa mwaka 1999 kupunguza vifo kwa asilimia 30 kwa waliokuwa na moyo dhaifu sana. Muulize daktari wake wa hapa kama inamfaa babako, msimpe wenyewe, yaweza kupandisha potasiamu, madini ya damuni, ikawa hatari. Na kabla ya tiketi, mtumieni profesa picha ya eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) na orodha ya dawa zote anazomeza sasa.