Jeki chini ya slaidi: yaliyonikuta kwenye udongo mweusi wa Texas

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Houston alinipigia simu. Amenunua trela la kuishi, na mwezi ujao anakwenda Kigoma kumuuguza mama yake, kwa hiyo trela litakaa limeegeshwa miezi minne bila mtu ndani. Dukani wamemshauri anunue jeki za kushikilia slaidi. "Dada, niweke nisiweke?" Nikamwambia asiweke. Tulipokata simu nikaona nimempa amri bila sababu, na mimi mwenyewe niliwahi kupewa amri ya kinyume chake nikaitii.

Kwa ambao hawajayaona matrela haya: mimi ni muuguzi wa mikataba. Mkataba mmoja ni wiki 13, ukiisha naweza kuitwa mji mwingine. Nilipochoka kupanga na kuhama vyumba nilinunua trela la futi 28 lililokwishatumika, na mume wangu hulivuta kwa pikapu yake. Ubavuni lina kipande cha sebule, chenye kochi na meza ya kulia, ambacho ukibonyeza swichi mota zinakisukuma nje kama mtoto wa meza. Hiyo ndiyo slaidi. Ikitoka mnapata nafasi ya kupishana, ikirudi trela linakuwa jembamba tayari kwa barabara.

Ukiitazama kutoka nje, moyo hautulii. Sanduku zima, na kochi lake na watu walioketi, linaning'inia hewani na chini hakuna hata nguzo moja. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za tofali tunajua dari lisilo na nguzo linavyoishia. Ndiyo maana jirani yangu, mzee aliyeishi kwenye matrela miaka mingi, aliponiambia ninunue jeki mbili za miguu mitatu niziweke kwenye kona za nje za slaidi, nilimshukuru kwa dhati. Nilikuwa naondoka kwenda nyumbani Shinyanga tangu mwisho wa Agosti hadi katikati ya Novemba. Akasema pia hakuna haja ya kuirudisha slaidi ndani, maadamu imeshikiliwa vizuri.

Tulikuwa tumeegesha mashariki ya Dallas. Matairi yalikaa kwenye kokoto zilizoshindiliwa, lakini chini ya slaidi kulikuwa na udongo mtupu, na Agosti ile ulikuwa umekauka hadi umepasuka nyufa za kuingiza vidole. Nikasimamisha jeki zangu, nikazungusha skrubu hadi zikagusa, kisha nikaongeza mzunguko mmoja ili zikaze. Nikaondoka na amani.

Niliporudi, kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya uvundo. Nikawasha taa, nikatazama juu pale paa la slaidi linapokutana na ukuta wa trela, nikaona mwanga wa nje. Nilichukua kitambulisho changu cha hospitali nikakipenyeza kati ya ukuta na ule mpira unaoziba pengo kuzunguka slaidi. Kikapita chote, bila kukwama. Chini ya hapo zulia lilikuwa limelowa, na nilipokanyaga karibu na kochi sakafu ya plaiwudi ilibonyea kama mkate.

Nje, zile nyufa za Agosti zilikuwa zimefunga. Mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha. Nikajaribu kulegeza jeki kwa mkono, haikusogea hata kidogo. Ilibidi mume wangu aongeze bomba kwenye spana ndipo ikakubali, na ilipolegea slaidi ilishuka kwa mlio ambao sikuupenda.

Fundi aliyekuja aliweka pima maji juu ya paa la slaidi kabla hatujagusa jeki ya pili, akaniita nitazame. Paa lile lilitakiwa liinamie nje kidogo ili maji yadondoke chini. Langu lilikuwa limeinamia ndani. Maji yote ya mvua, na majani ya mti ulio karibu, yalikuwa yanateremka kuelekea ukutani, moja kwa moja kwenye mpira. Na mpira wenyewe ulikuwa umeachia juu, kwa sababu ukinyanyua ncha ya nje ya sanduku, sehemu yake ya juu iliyo ndani inajitenga na ukuta. Yaani ile jeki ilikuwa imefungua mlango na kuyaelekeza maji mlangoni.

Sasa, udongo ule naujua. Wasukuma wenzangu mtanielewa nikisema mbuga: ule udongo mweusi wa pamba, unaovimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, unaopasua kuta za nyumba hata ikiwa fundi alijenga kwa uaminifu. Texas wanao vilevile, ukanda mzima unaoshuka kupitia Dallas, Waco na Austin hadi San Antonio, na huko nako ulilimwa pamba kwa miaka mingi. Aina yake inayojulikana zaidi, Houston Black, ndiyo iliyoteuliwa kuwa udongo wa jimbo. Nimekua nikiona udongo huu ukinyanyua nyumba, na bado sikufikiri kwamba utanyanyua slaidi yangu.

Nilipomweleza yule kaka haya, akanijibu kwamba yeye ataegesha kwenye zege, hivyo udongo haumhusu. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Slaidi haibebwi na ardhi, inabebwa na trela lenyewe: fundi wa kiwandani aliiunda ijishikilie kwa reli na gia zake. Na trela halitulii hata likiwa limeegeshwa. Matairi yanapungua upepo mwezi hadi mwezi. Mbao chini ya jeki za kona za trela lenyewe zinabonyea. Ukitembea ndani, springi zinacheza. Trela likishuka, slaidi inashuka nalo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiweka jeki pale chini umeiambia ncha moja ibaki juu wakati nyumba nzima inashuka. Kwenye zege ni mbaya zaidi kwa namna yake, kwa kuwa zege halibonyei, kwa hiyo kinachopinda ni slaidi.

Trela langu lina mota mbili ndogo, moja kila upande wa slaidi, na kila moja ina reli yake ya alumini yenye meno. Lazima ziende pamoja. Upande mmoja uliponyanyuliwa kuliko mwingine, meno ya reli moja yakalika. Reli, mpira na kipande cha sakafu vilinigharimu dola 1,850, na wiki tatu za kulala kwa rafiki.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeliacha trela muda mrefu ni huu: rudisha slaidi ndani. Ikiwa ndani, paa lake limefunikwa, mipira imebanwa, na panya hawana pa kupenya kwa urahisi. Panda ngazi kwanza ufagie paa la slaidi, na usiifunge ikiwa imelowa, maana maji na majani yataingia nayo sebuleni. Mipira ipake dawa yake isiyo na mafuta ya petroli, maana hayo yanaiharibu. Fanya haya betri ikiwa imejaa. Betri ikifa slaidi ikiwa nje, utaondoka uwanjani kwa wasiwasi.

Kama unaishi humo na slaidi lazima ibaki nje, jambo kubwa ni kulisawazisha trela kabla ya kuitoa. Pima maji ya shilingi chache inatosha. Jeki za kona ni za kuzuia mtikisiko tu, zisibebeshwe uzito wa trela. Punguza mizigo ndani ya slaidi pia. Niliwahi kuweka magunia mawili ya mchele na sanduku la vitabu chini ya kochi, na sikuona kosa hadi fundi alipoyatoa.

Watengenezaji wengi wa mitambo hii wanakataza jeki kwenye vitabu vyao vya maelekezo. Lakini usinisikilize mimi kuliko kitabu cha trela lako. Kama lako ni la zamani na lilikuja na miguu yake maalumu, kifuate. Ukiamua kuweka hata hivyo, iguse tu bila kusukuma juu, ikague kila baada ya mvua, na funga kitambaa chekundu kwenye swichi. Mtu akiirudisha slaidi jeki ikiwa bado ipo, ataivuta nayo.

Jana yule kaka alinitumia picha. Slaidi yake imeinama nje kuliko kawaida, na mpira wa chini umeachia upana wa kidole. Alitaka kuinyanyua kwa jeki kabla hajaifunga. Nikamwomba asifanye hivyo. Pengo la chini namna hiyo huenda ni sakafu iliyooza au reli iliyolegea, na jeki itaficha ugonjwa hadi arudi kutoka Kigoma. Fundi anakuja Jumamosi, na tiketi yake ni ya Alhamisi inayofuata.