Stadi ya tairi ikizunguka na nati yake, usiizungushe: ivute

Nilipata pancha tairi la mbele kushoto nikitoka Dar kwenda Tanga, nimeipita Mkata kidogo tu. Pancha si msiba. Jeki ninayo, tairi la akiba lina upepo, spana ya tairi iko chini ya kiti. Nati nne zikatoka bila maneno. Ya tano ikazunguka vizuri, raundi tatu, raundi saba, lakini haikusogea nje hata unene wa ukucha. Nikadhani naifungua, kumbe naizungusha pamoja na stadi yake, yaani ile bolti inayochomoza kutoka gari na kufungiwa nati.

Nati iliyogoma kabisa ina nafuu, maana ukiipanda kwa bomba lililochomekwa kwenye spana, mwisho wake ama itaachia ama stadi itakatika, na vyote viwili vinakutoa njiani. Nati inayozunguka bure haikupi pa kushika. Tairi halitoki, na kila unachotaka kukifikia kiko nyuma ya hilo hilo tairi.

Ili uelewe kinachotokea, jua stadi imekaaje. Kwenye Toyota zetu nyingi ndogo ni bolti ya milimita 12, nati yake inaingia soketi ya 21. Stadi haikufungwa kwa uzi, yale meno ya kusokotea, kwenye habu, kile kitovu ambacho tairi linafungwa juu yake. Imesukumwa kwa nguvu kutoka nyuma: ina kichwa kipana upande wa ndani, na shingo yenye mistari inayoling'ata tundu la habu. Mistari hiyo ndiyo pekee inayoizuia isizunguke. Ikishalika, stadi inacheza kama jino bovu kwenye fizi. Na mara nyingi inalika kwa sababu nati iliingizwa upande, ikakata meno ya uzi na kung'ang'ania humo, kisha mtu akaja na nguvu nyingi kuifungua.

Bodaboda akaniletea fundi kijana. Alitazama dakika moja akasema, "Bosi, hapa tunapiga gesi tu." Kabla sijajibu, mzee mmoja dereva wa Fuso aliyekuwa amesimama kukagua mzigo wake akadakia: "Kijana, tairi lina upepo humo. Unataka litupasukie usoni?" Mzee alisema kweli, na hili ulishike hata ukisahau mengine yote. Usipashe moto rimu wala nati kwa gesi tairi likiwa limefungwa juu yake. Joto linaweza kuchoma mpira kwa ndani bila wewe kuona, na tairi likapasuka kama bomu. Rimu za aluminiamu nazo zinapoteza ugumu zikichomwa.

Halafu mzee akaniambia, "Mwanangu, hiyo usiizungushe. Ivute."

Aliazima kwa mziba pancha vyuma viwili virefu vya kutolea matairi. Kwanza tairi la akiba likalazwa chini ya bodi ya gari, jeki ikiponyoka gari lisituangukie. Usukani tukaukata mpaka mwisho ili nyuma ya tairi pawe wazi. Vyuma vikaingia nyuma ya rimu, upande ule ule wenye stadi mbovu, vikaegemea mkono wa chini wa saspensheni. Si bati la vumbi lililo nyuma ya diski ya breki, linapinda kama karatasi, na bomba la breki ndiyo usiliguse kabisa. Fundi na utingo wa Fuso wakawa wanasukuma rimu itoke nje kwa nguvu, mimi nafungua nati polepole. Rimu inapovutwa nje inaivuta nati, nati inaivuta stadi, na kichwa cha stadi kinabanwa mgongoni mwa habu. Msuguano huo ndio unaoishika stadi badala ya ile mistari iliyokufa.

Mara ya kwanza ikateleza. Mara ya pili pia. Tukapulizia mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja, tukagonga kichwa cha nati makofi machache ya nyundo, tukarudi. Ilichukua kama dakika arobaini, robo raundi kwa robo raundi, na nati ilipotoka ilikuja na nyuzi za chuma zimejisokota ndani yake kama nywele kwenye kitana.

Ingekataa, hatua inayofuata ni kuiharibu nati. Kwenye rimu ya chuma ambako nati iko wazi, unaipasua ubavuni kwa tindo kali na nyundo nzito. Kwenye rimu ya aluminiamu nati imezama kwenye shimo, kwa hiyo inabidi kutoboa stadi katikati kwa keekee, unaanza na kidogo unapanda hadi kikubwa. Hiyo ni kazi ya gereji, na fundi awe na mkono mtulivu.

Nati iliyoliwa kona ni rahisi kuliko watu wanavyoihofia. Chukua soketi kuukuu iliyo ndogo kidogo, uipigilie kwa nyundo mpaka ing'ate. Kwa nati ya 21, soketi ya inchi 13/16 inafaa sana, kwa kuwa ni pungufu ya 21 kidogo mno. Soketi hiyo ihesabu imekufa. Nati iliyoshikwa na kutu, ambayo sisi wa Pwani tunaijua kwa sababu ya upepo wa chumvi, ipulizie, ingoje, na uilegeze gari likiwa bado chini, kabla ya jeki. Ikisogea kidogo usiendelee kwa pupa. Irudishe ndani, itoe tena.

Yule mzee alinichekesha kwa jambo jingine. Malori mengi ya Kijapani ya zamani, Fuso lake likiwamo, stadi za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume, na nyingi zimechongwa herufi L kwenye ncha. Kila utingo mpya, alisema, lazima akaze kwa nguvu zake zote akidhani anafungua, mpaka siku atakayokata moja.

Nilifika Segera kwa nati nne, mwendo wa kuzika, na Tanga nikaingia gereji. Hapa nilisimama juu ya fundi, na sioni aibu kusema hivyo. Kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, ikafunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isilale kwenye bomba lake la breki. Diski ilikuwa imeganda. Diski nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye uzi: ukifunga humo bolti za milimita 8, zinaisukuma itoke yenyewe. Fundi akanyanyua nyundo kubwa kuing'oa stadi. Nikamzuia. Kila pigo linalotua kwenye habu linapita kwenye beringi, na beringi ni ghali kuliko stadi kwa mbali. Tukatumia pula ya boljointi, kifaa cha kukaza kwa skrubu kinachosukuma bila kupiga, ikaisukuma nje kwa mlio mmoja mkavu. Kumbuka kuizungusha habu mpaka stadi ikabili uwazi wa kutokea nyuma, la sivyo itagonga bati.

Nenda na stadi ya zamani dukani. Urefu, uzi na unene wa shingo vyote vilingane. Mpya ikiingia kwa mkono mpaka mwisho, hiyo si yake. Na fundi akikuambia atachomelea kichwa kwa nyuma, mshukuru uondoke, kwa sababu moto unaharibu ugumu wa chuma cha stadi. Ya kwangu tuliivuta kwa nati kuukuu na washa kadhaa zilizopakwa grisi, tukikaza taratibu hadi kichwa kikalala sawa na wenzake. Stadi ikikatika kwa sababu tairi lilikuwa limelegea, badilisha zote za habu hiyo. Zilizobaki zimebeba mzigo usio wao.

Sasa, nani aliniharibia? Wiki mbili kabla nilikuwa nimebadilisha matairi mahali wanapofunga nati kwa mashine ya upepo tangu uzi wa kwanza. Siku hizi naomba kila nati ianze kwa vidole, raundi kadhaa, ndipo spana ije. Gari kama langu linataka nguvu ya kukaza ya Nm (newton-mita) 103, sawa na kilo 21 hivi zikining'inia kwenye mpini wa nusu mita. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye bomba la mita moja anaweka mara saba ya hiyo. Uzi haupakwi oili pia, maana ukiteleza unakaza kupita kiasi bila kujua. Kuusafisha, brashi ya waya inatosha.

Nikitoka kubadilisha tairi naendesha kama kilomita hamsini, nasimama kivulini, nakagua nati zote kwa spana. Mke wangu ameshazoea, huwa anashuka kununua machungwa.