Jibu: Kipimo cha nywele kinaonyesha sumu ya metali mwilini?

Mkuu, umeuliza kama kile kipimo cha nywele kinachotangazwa mtandaoni kitakuonyesha metali nzito zote (kama risasi, zebaki na aseniki) zilizojaa mwilini. Hapana. Kila metali ina mahali pake pa kuitafuta.

Risasi, ile metali (lead) si ya bunduki, hupimwa kwenye damu ya mshipa, ila damu inasema zaidi habari za miezi ya karibuni. Ile ya miaka mingi imejificha mifupani, inakaa humo miongo. Kwa hiyo mtu aliyehama kutoka karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri anaweza kupata majibu mazuri na bado amebeba mzigo.

Zebaki ndiyo inachanganya wengi. Mchenjuaji wa dhahabu kule Geita anayevuta moshi wa zebaki anapimwa mkojo. Zebaki ya kula papa na jodari inaonekana kwenye damu na nywele, na hapo ndipo nywele zina maana. Aseniki hupimwa kwenye mkojo, na uache pweza na kamba siku tatu nne kabla, la sivyo watakupandishia majibu bure.

Kupima umma mzima kuna faida yake, kwani huonyesha kama sumu inapungua: Marekani wastani wa risasi kwenye damu ulikuwa kama maikrogramu 13 kwa desilita miaka ya 1976–1980, ukashuka chini ya 3 kufikia 1991, baada ya risasi kuondolewa kwenye petroli na makopo ya chakula.

Na muuza kipimo akikwambia umeze kwanza dawa ya "kuvuta" metali ndipo utoe mkojo, kataa. Kiwango cha metali kwenye mkojo wa yeyote kingepanda.