Mtori ukiitwa "watery", ni sifa au lawama?

SWALI: Nahudumia wageni kwenye mgahawa hapa Moshi. Mgeni alionja mtori akasema ni "a bit watery". Kamusi yangu inasema neno hilo ni "-a majimaji", nikadhani anausifia ulaini, nikamshukuru. Mpishi akanicheka. Lina maana gani hasa? Na "aqueous" je?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Mpishi kacheka kwa haki. Kwenye chakula, "watery" karibu kila mara ni lawama: maji yamezidi, ladha imepooza. Mtori wa namna hiyo hutiririka kwenye upawa kama chai, kwa sababu ndizi hazikupondwa zikalainika au supu ya nyama imemiminwa yote kwa pupa. Na hiyo "a bit" isikudanganye. Waingereza huitanguliza kwa adabu tu, lawama iko palepale. Angekuwa anasifia wepesi wake angesema "light".

Usilichanganye na "watered down", ambalo lina mkono wa mtu ndani yake. Maziwa yaliyotiwa maji ni "watered down". Tikiti lililo chapwa lenyewe tangu shambani ni "watery". Kiini cha yai kisichoiva sawasawa kinaitwa "runny", na wapo wanaokiagiza hivyo.

Nje ya jiko, "majimaji" ya kamusi yako haifiki mbali. "Watery eyes" ni macho yanayolengalenga machozi, yawe ya huzuni au ya kitunguu. "Watery smile" ni tabasamu hafifu la mtu ambaye kilio hakijamwisha vizuri. "Watery sun" mnalijua sana: lile jua la Julai linalochungulia nyuma ya wingu, limepauka, nguo kwenye kamba hazikauki mpaka jioni. "Watery grave" ni kufa maji, lakini hilo ni la vitabuni. Ukilisema mezani watu watakushangaa.

Hospitalini tu ndipo tafsiri yako inakaa sawasawa: "watery diarrhoea" ni kuharisha majimaji, bila kumlaumu mtu.

"Aqueous" limetokana na "aqua" ya Kilatini, yaani maji, na makazi yake ni maabara. Chumvi iliyoyeyushwa kwenye maji ni "aqueous solution", na kwenye mlinganyo wa kemia hufupishwa "aq". Supu haiitwi hivyo hata iwe maji matupu.

Tahadhari ya tahajia: wengi huandika "waterly". Hiyo "l" haimo.

Mgeni akirudia, mjibu: "Sorry, I'll bring you a thicker one." Kisha sufuria irudi motoni bila mfuniko, ndizi zipondwe tena kwa mwiko.