Sevilla kwa mara ya kwanza: panga saa za kula kabla ya kupanga vivutio

Nilipoanza kupanga safari yetu ya kwanza ya Hispania, niliandika katika daftari Madrid, Barcelona, Granada na Sevilla, miji minne kwa siku saba, na mume wangu alipoisoma orodha ile akaniuliza, "Mama Salma, tunakwenda kutembea au kukagua vituo vya treni?" Nilinuna kidogo, kisha nikaifuta mitatu. Ilibaki Sevilla, siku tano mwishoni mwa Oktoba, na ninaandika haya kwa ajili ya msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ambaye naye ana daftari lenye miji minne.

Anza na viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo maombi yake hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Jibu kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ila muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45, na kwa sababu hiyo ni busara kuchagua hoteli ambayo nafasi yake inaweza kufutwa bila gharama. Sisi tulinunua tiketi za treni ya kutoka Madrid, za bei nafuu, zile zisizorudishiwa fedha, kabla viza haijatoka, na usingizi ulinipaa mpaka siku tuliyoitwa kuchukua pasipoti.

Treni yenyewe haina matatizo. Reli ya mwendo kasi kati ya Madrid na Sevilla ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka ambao Sevilla iliandaa Maonyesho ya Dunia, na kutoka kituo cha Atocha cha Madrid hadi Santa Justa cha Sevilla ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Kumbuka tu kwamba mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kupanda, kwa hiyo usiiache nafasi finyu kati ya ndege na treni. Kuhusu majira, msidanganyike kwamba sisi wa pwani tumezoea joto: Julai na Agosti Sevilla hupita nyuzi 40, na joto lile ni kavu kama la mdomo wa tanuri. Wiki Takatifu ya Pasaka na tamasha la Feria, ambalo kwa kawaida hufuata baada ya wiki mbili, hupandisha bei za vyumba mno.

Lakini kilichotushinda siku ya kwanza hakikuwa viza wala joto, bali ni saa. Chakula cha mchana huliwa kati ya saa nane na saa kumi, kisha majiko mengi hufungwa, na cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu au saa tatu. Tulitoka hotelini saa kumi na mbili jioni tukiwa na njaa ya safari, tukakuta milango iliyo wazi ni ya mikahawa yenye picha za vyakula inayolitazama kanisa kuu, na tukala paella ya vuguvugu, wali ambao hata hivyo asili yake ni Valencia, si Sevilla.

Ndiyo maana nasema ziara ya tapas inayoongozwa na mwenyeji iwekwe jioni ya kwanza au ya pili, isiachwe kuwa sherehe ya kuagana na mji. Tapas ni vyakula vya sahani ndogo ndogo, na desturi ni kula kimoja au viwili katika baa moja, mara nyingi mkiwa mmesimama kaunta, kisha kuhamia nyingine. Mgeni asiyeonyeshwa mwendo huo huketi mahali pamoja, akaagiza kila kitu, na akalipa mara mbili.

Tulifanya ziara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa hasara. Kampuni ilitangaza kundi dogo, tukakuta watu 22, na kwa kuwa hakuna baa ya mtaani inayoweza kumeza umati huo kwa mpigo, tulipelekwa kwenye chumba cha nyuma ambako sahani zilikuwa zimeshapangwa na kupoa. Ziara ya pili ilikuwa na watu sita, tukalipa euro 80 kila mmoja, baa nne kwa muda wa saa tatu. Kabla ya kulipa, uliza kundi litakuwa na watu wangapi, kama chakula chote na vinywaji vimo ndani ya bei, na wanampa nini mtu asiyekula nguruwe wala kunywa pombe.

Swali hilo la mwisho lina uzito kwa wengi wetu. Nguruwe yumo hata usipomtazamia: salmorejo, supu baridi ya nyanya na mkate, hunyunyiziwa vipande vya paja lililokaushwa, na baadhi ya vyakula hupikwa kwa mafuta yake. Usiseme tu kwamba huli nyama, kwa sababu wapo wahudumu ambao kwao vipande vile havihesabiki kuwa nyama. Sema "sin cerdo, sin jamón, sin manteca", yaani bila nguruwe, bila paja lake na bila mafuta yake. Tahadhari pia na neno "mosto", ambalo sehemu nyingine za Hispania ni maji ya zabibu yasiyo na kilevi, lakini viungani mwa Sevilla mara nyingi ni divai changa.

Ukishavuka hapo, utakula kama uko nyumbani. Mchicha wa Kihispania uliopikwa na dengu hunukia bizari nyembamba. Bilinganya hukaangwa na kumiminiwa asali ya miwa. Na cazón en adobo ni papa mdogo aliyelowekwa katika siki, kitunguu saumu na bizari, kisha akakaangwa. Mume wangu, mtu wa Tanga, aliagiza papa katika baa tatu kati ya nne, na mwongozaji akaacha kumuuliza.

Kutoka kwa mwongozaji huyo tulijifunza pia kwamba "tapa" ni sahani ndogo, "media ración" ni nusu, na "ración" ni ya kushirikiana. Kwamba tapa ya bure pamoja na kinywaji ni desturi ya Granada, wakati Sevilla hulipiwa. Na kwamba mkate unaoletwa bila kuombwa huweza kuonekana kwenye hesabu. Alituonyesha El Rinconcillo, baa iliyoanza mwaka 1670, ambako hesabu bado huandikwa kwa chaki juu ya kaunta ya mbao.

Vivutio nitavipitia upesi. Tiketi ya Real Alcázar, kasri la wafalme, inunuliwe mapema kwenye tovuti rasmi, kwa saa maalumu, na uende na pasipoti. Jina lake ni lile lile "kasri" letu, kwani Kihispania na Kiswahili vyote vilikopa kwa Waarabu: "azúcar" ni sukari, "aceituna" ni zeituni, na "hasta" ni hata. Mnara wa Giralda, ulio kando ya kanisa kuu, ulikuwa wa msikiti, na hupandwa kwa njia 35 za mwinamo badala ya ngazi, kwa sababu mwadhini alipanda akiwa juu ya mnyama. Nenda asubuhi, kabla magoti hayajachoka. Alasiri ilale, kama wenyeji wanavyoilaza.

Jioni ya nne tulivuka daraja kwenda Triana, mtaa wa ng'ambo ya mto, peke yetu, saa tatu kasoro. Tuliagiza sahani tano kwa Kihispania cha kuokoteza, tukiwa tumesimama, na mhudumu akaandika kwa chaki mbele yetu euro 17 na senti 40, akapokea fedha, akaifuta hesabu ile kwa kitambaa kabla sijatoa simu kupiga picha.