Ramani ya Mwezi ukutani: ya kwanza niliikosea

Ramani yangu ya kwanza ya Mwezi niliinunua ikiwa tayari kwenye fremu: duara zima la kijivu, na vitone sita vyekundu pale Wamarekani walipotua kati ya 1969 na 1972. Kwa mbali inapendeza. Ukiisogelea hakuna cha kusoma, na baada ya wiki mbili nikawa naipita kama saa iliyokufa betri.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa nasema: achana na Mwezi mzima, tafuta ramani ya mizunguko, ile inayoonyesha wanaanga walikopita baada ya kushuka chomboni. Ya Apollo 11, safari ya kwanza kutua, inachekesha kwa udogo. Armstrong na Aldrin walikaa nje saa mbili na nusu hivi, na mizunguko yao yote inaenea ndani ya uwanja wa mpira. Sasa itundike kando ya Apollo 17, Desemba 1972: siku tatu, gari, kilomita kama 35 katika bonde la Taurus-Littrow, kila kituo na namba yake. Kituo cha 4, ukingoni mwa kreta ya Shorty, ndipo Schmitt, mwanajiolojia pekee aliyekanyaga kule, alipoona udongo wa rangi ya chungwa. Jioni nzima inaweza kuishia hapo.

Nyingi za ramani hizi zilichorwa na taasisi za serikali ya Marekani, zikiwemo NASA (ya anga za juu) na USGS (ya jiolojia), na Lunar and Planetary Institute ya Houston imeziweka mtandaoni bure. Pakua faili kubwa. Kwa karatasi ya A1, upande mrefu ukiwa chini ya pikseli 5,000 hivi, mistari ya mwinuko inageuka ukungu.

Kwenye kuchapa ndiko nilikolizwa. Kijana wa duka la mabango alikata pambizo "ikae vizuri", bila kuniuliza. Zikaenda na skeli, maelezo ya alama na tarehe. Nikabaki na mchoro wa minyoo, na hela nikalipa. Mwambie mapema asikate kitu, na ule umanjano wa karatasi ya zamani asiuondoe.

Chagua karatasi isiyong'aa. Fundi wa fremu aache nafasi kidogo kati ya kioo na karatasi, hasa kwa sisi wa pwani, maana unyevu huzigandisha. Usiielekeze dirishani. Na isiwe juu sana: yangu ilikuwa juu ya kabati, hadi nilipomkuta mpwa wangu amesimama kwenye stuli, kidole kiko kituo cha 6.