Je, upasuaji ndio uliomletea mke wangu huzuni?

SWALI: Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji wa dharura wiki 5 zilizopita, baada ya kukaa leba usiku kucha. Mshono umepona, lakini analia mara kwa mara, hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, na anasema yeye si mama kamili. Dada yangu alijifungua kwa njia ya kawaida mwezi huohuo na ni mchangamfu. Je, upasuaji ndio uliomletea hali hii? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu yangu, kupasuliwa peke yake hakuleti sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na tafiti zilizolinganisha akina mama waliopasuliwa na waliojifungua kwa njia ya kawaida hazijatoa jibu moja linalofanana. Tofauti iliyo wazi zaidi ni kati ya upasuaji uliopangwa na ule wa dharura. Mama aliyepangiwa tarehe huingia chumba cha upasuaji akijua kinachomngoja, ilhali aliyekesha na uchungu, kisha akasukumwa kwa haraka huku karatasi ya ridhaa ikitiwa saini mbiombio, anaweza kutoka akiwa salama mwilini na bado akawa na hofu ya usiku ule, hasa kama hakuna aliyemweleza kwa nini mambo yalibadilika.

Umesema mshono umepona. Unaouona ni wa ngozi tu, ambao kwa kawaida hufunga ndani ya wiki 2 hivi. Chini yake daktari alipita kwenye mafuta, utando mgumu unaofunika misuli, utando wa tumbo na mfuko wa uzazi wenyewe, na tabaka hizo huhitaji wiki 6 au zaidi kurudisha nguvu. Mtazame anavyoamka kitandani: kama bado anageuka ubavu kwanza, anajisukuma kwa kiwiko na kushika tumbo akikohoa, basi maumivu hayajamtoka. Kuchuchumaa chooni, kuinua ndoo ya maji na kuinama kumkanda mtoto ni kazi nzito kwake, na mtu mwenye maumivu asiyelala huvunjika moyo upesi, awe amejifungua kwa njia yoyote. Kama kuna anayemkanda tumbo kwa maji ya moto au kumfunga kanga kwa kukaza sana, mwombeni kwa heshima aache.

Upasuaji pia humwaga damu nyingi zaidi. Upungufu wa damu huleta uchovu, mapigo ya moyo kwenda mbio na kukosa hamu ya chochote, dalili ambazo kwa urahisi hudhaniwa kuwa ni huzuni tupu, kwa hiyo apimwe wingi wa damu kabla ya mtu yeyote kuhitimisha lolote.

Kuhusu dada yako, nakushauri usimfanye kipimo. Waliojifungua kwa njia ya kawaida nao hubeba yao: msamba uliochanika au ulioongezewa njia, mkojo unaochuruzika wakikohoa au kucheka, na maumivu ya tendo la ndoa ambayo wengi hawamwambii hata mkunga. Wapo wanaochangamka mbele ya wageni waliokuja na mtori, kisha wakalia wageni wakishaondoka.

Hiyo kauli ya kwamba si mama kamili ndiyo iliyonishtua zaidi, kwa sababu mara nyingi haitoki kwa mzazi mwenyewe. Chunguza nani nyumbani anasema kwamba aliyepasuliwa hakuonja uchungu. Mkeo aliuonja usiku mzima, kisha akaongezewa kisu. Mkiweza, rudini hospitali mlikojifungulia mwombe daktari awafafanulie kutoka kwenye faili sababu ya upasuaji. Nimeona wanawake wakitua mzigo mkubwa walipoelezwa kwamba mapigo ya moyo ya mtoto yalishuka au njia haikufunguka, na kwamba hawakukosea kitu.

Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua ni ya kawaida na hukoma ndani ya wiki 2. Ya mkeo yamefika wiki ya 5, kwa hiyo msingoje arobaini iishe. Kliniki anaweza kuulizwa maswali 10 ya dodoso la Edinburgh la kupima dalili za sonona kwa waliojifungua, lililotolewa mwaka 1987, ambalo alama zake hufika 30. Akipata 13 au zaidi, huwa anahitaji uchunguzi wa kina. Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu, na ikibidi dawa kama setralini, ambayo kwa kawaida mama huweza kuitumia huku akinyonyesha. Usiku mmoja mmoja, mpokee mtoto baada ya kunyonya ili mama apate walau saa 4 za usingizi mfululizo.

Swali la 10 la dodoso hilo linahusu mawazo ya kujidhuru, nawe unaweza kumuuliza leo kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. Akikubali kwamba mawazo hayo yapo, au akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake wala na mtoto. Mpeleke siku hiyohiyo hospitali ya rufaa ya mkoa au Muhimbili, na uwaambie mapokezi kwamba amejifungua wiki 5 zilizopita.